Mafunzo ya ualimu wa shule za msingi nchini Tanzania

Mafunzo ya ualimu wa shule za msingi nchini Tanzania ni masomo na mazoezi yanayomwandaa mtu kufundisha watoto wa shule ya msingi na, kwa baadhi ya kozi, wa elimu ya awali. Kwa muda mrefu yalitolewa katika vyuo vya ualimu kwa miaka miwili na kumalizika kwa cheti cha Daraja A, ambacho huandikwa pia Daraja la IIIA. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeelekeza kwamba kiwango cha chini cha mwalimu kiwe stashahada.

Historia ya mafunzo haya haiwezi kutenganishwa na historia ya uandikishaji wa watoto. Mara tatu tangu uhuru milango ya shule ilifunguliwa kwa ghafla: katika miaka ya 1974–1977, mwaka 2002 na mwaka 2016. Kila mara madarasa yalijaa kabla walimu hawajapatikana, na serikali ikalazimika kuamua ni muda gani unatosha kumwandaa mtu kabla ya kumkabidhi darasa.

Istilahi

Neno mwalimu limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa maneno elimu na taaluma. Pwani, kabla ya kuwapo shule za serikali, mwalimu alikuwa kwanza yule aliyefundisha Kurani, na chuo kilikuwa mahali watoto walipokaa mkekani mbele yake. Hadi leo wazee wa pwani wanaweza kusema mtoto wa miaka sita yuko chuoni, na hakuna anayeshangaa.

Katika vyuo vya ualimu anayefundisha huitwa mkufunzi, naye anayesoma huitwa mwanachuo. Siku hizi maandishi ya serikali hutumia pia mwalimu tarajali, yaani mtu anayetarajiwa kuwa mwalimu. Shule ya msingi iliyo karibu na chuo na inayotumiwa na wanachuo kujifunzia kazi huitwa shule ya mazoezi. Baadhi ya shule hizo zimebaki na jina la Mazoezi hata katika kumbukumbu rasmi.

Kabla ya uhuru

Walimu wa kwanza waliofunzwa kwa utaratibu wa vyuo katika eneo hili walitoka katika shule za misheni. Huko Kiungani, Unguja, misheni ya Kianglikana ya UMCA iliendesha chuo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wakiisha kusoma walipelekwa bara kama walimu na wasaidizi wa kanisa, kwa mfano Magila na Masasi. Upande wa kaskazini Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kuwaandaa walimu Wachaga mwanzoni mwa karne ya 20, na kutokana na kazi hiyo kikakua chuo cha Marangu.

Utawala wa Kijerumani ulifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Lengo lake halikuwa ualimu peke yake, kwani serikali ilihitaji makarani, watoza kodi na wakalimani. Hata hivyo baadhi ya waliohitimu Tanga walipelekwa kufundisha katika shule ndogo za wilayani, na kwa kuwa walifundisha kwa Kiswahili, shule hizo zilichangia sana kukieneza Kiswahili cha maandishi mbali na pwani.

Waingereza waliachia misheni sehemu kubwa ya kazi ya elimu. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki na kupendekeza elimu iliyokaribiana na maisha ya kijijini. Mwalimu waliyemfikiria alikuwa mtu wa kufundisha kusoma, lakini pia kilimo bora, usafi na kazi za mikono. Chuo cha serikali cha Mpwapwa, kilichoanzishwa katika miaka hiyo ya 1920, ni matunda ya fikra hizo. Jirani yake wa Kenya, shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, ilichukua walimu waliokwisha kufanya kazi na kuwafunza kuzunguka katika shule za vijijini ili wawasaidie wenzao.

Mfumo wa madaraja ulitokana na tofauti za elimu ya wanaoingia chuoni. Aliyetoka shule ya msingi alipata Daraja C. Aliyemaliza kidato cha nne alipata Daraja A. Katikati yake palikuwa na Daraja B, ambalo wengi walilifikia kwa kupandishwa baada ya kufanya kazi vizuri. Herufi hizo zilimfuata mwalimu maisha yake yote, kwenye mshahara na hata kwenye namna wenzake walivyomtaja ofisini.

Kutoka Azimio la Arusha hadi Azimio la Musoma

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea ualimu Makerere, alitoa mwezi uliofuata andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Vyuo vya ualimu vilibadilika kwa haraka. Wanachuo walilima mashamba, walifuga, walijenga mabweni, na elimu ya siasa ikawa somo la lazima. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, hivyo mkufunzi aliyesomea saikolojia ya mtoto kwa Kiingereza alilazimika kuieleza upya kwa Kiswahili. Istilahi nyingi zinazotumika leo katika fani hiyo, kama vile andalio la somo, azimio la kazi na zana za kufundishia, zilizoea masikio katika kipindi hicho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwa pia na MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNICEF na UNESCO, ambao uliwatuma wakufunzi kuzunguka shuleni badala ya kumngoja mwalimu arudi chuoni. Mpango huo haukumbukwi sana, ingawa wazo lake limerudi mara kadhaa kwa majina mengine.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Lengo la kumpeleka kila mtoto shule lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Kikao kikaamua lifikiwe Novemba 1977. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa milioni 1.2 hivi mwaka 1974, na kufikia 1978 walikaribia milioni 3. Vyuo vyote vilivyokuwapo, hata kama vingejaza kila kitanda, visingeweza kutoa walimu wa kutosha katika miaka mitatu.

Walimu wa UPE

Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote unajulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, UPE. Jibu lililopatikana lilikuwa kumfunza mwalimu hukohuko kijijini huku akifundisha. Vijiji vilichagua vijana waliomaliza darasa la saba, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 17 au zaidi kidogo. Asubuhi kijana alifundisha madarasa ya chini kwa vipindi vichache. Mchana alikutana na wenzake wa kata ileile chini ya Mratibu Elimu Kata, cheo kilichowekwa kwa ajili ya kazi hiyo. Walisoma vijitabu vilivyoandaliwa na taasisi ya elimu kwa njia ya posta, walijibu mazoezi, na walisikiliza vipindi vya Redio Tanzania. Baada ya miaka mitatu walikusanywa vyuoni kwa wiki sita, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakapewa cheti.

Kwa njia hii zaidi ya vijana 40,000 waliandikishwa kati ya 1976 na mwisho wa muongo huo, na zaidi ya 35,000 walihitimu. Ni vigumu kupata mfano mwingine barani Afrika wa wakati ule ambapo walimu wengi kiasi hicho walifunzwa kwa muda mfupi hivyo bila kuondoka makwao.

Sifa yao mitaani haikuwa nzuri. Watu waligeuza herufi za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na mzaha huo uliwafuata hata wale walioendelea kusoma na kupanda daraja. Utafiti wa Mählck na Temu uliotolewa mwaka 1989 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu ulilinganisha walimu hawa na wale waliokaa chuoni, na haukukuta tofauti kubwa kama wengi walivyotarajia. Walichokikosa zaidi kilikuwa kina cha maarifa ya masomo yenyewe, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyeishia darasa la saba na kutakiwa kufundisha darasa la saba. Kwa upande mwingine waliijua lugha ya watoto, waliwajua wazazi, na hawakuhitaji nyumba ya serikali. Lawama kwamba UPE iliua elimu ya Tanzania huwaangukia hao kwa urahisi kupita kiasi. Miaka ya 1980 ilikuwa pia miaka ya upungufu wa vitabu, chaki na madawati, na ya mishahara iliyopoteza thamani kila mwezi.

MMEM na utaratibu wa mwaka mmoja na mmoja

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliweka Daraja A kuwa kiwango cha chini cha mwalimu wa shule ya msingi, na ikaruhusu watu binafsi na mashirika ya dini kufungua vyuo vya ualimu kwa wingi zaidi. Madaraja B na C yakaanza kufifia, na waliokuwa nayo wakatakiwa kujiendeleza.

Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa 2002–2006. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Safari hii serikali haikurudi kwa waliomaliza darasa la saba. Ilichukua wahitimu wa kidato cha nne, lakini ikagawa miaka miwili ya chuo: mwaka mmoja darasani chuoni, mwaka wa pili shuleni akifundisha chini ya uangalizi.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri, kwa sababu fundi hujifunza ufundi akiwa na kazi mkononi. Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwanachuo alipelekwa mahali palipokuwa na upungufu mkubwa, na palipokuwa na upungufu ndipo hapakuwa na mwalimu mzoefu mwenye nafasi ya kukaa nyuma ya darasa na kumwangalia. Akapewa mzigo kamili wa vipindi tangu wiki ya kwanza. Wakufunzi nao walikuwa na wanachuo waliotawanyika wilaya nzima, na gari la chuo lilikuwa moja. Baadaye utaratibu wa kukaa chuoni miaka miwili ulirejeshwa.

Baada ya 2015

Kuanzia Januari 2016 michango ya lazima katika shule za serikali iliondolewa kwa utaratibu wa elimumsingi bila malipo, na darasa la kwanza likafurika tena. Wakati huo tatizo lilikuwa limebadilika sura: walimu waliofunzwa walikuwapo mitaani bila ajira, kwa kuwa serikali ilisimamisha kuajiri ilipokuwa ikihakiki watumishi wake. Isitoshe, shule za sekondari zilikuwa na walimu wa masomo ya sanaa kuliko ilivyohitajika. Katika miaka ya 2017 na 2018 walimu wengi wa sekondari walihamishiwa shule za msingi.

Uhamisho huo ulionyesha jambo ambalo wakufunzi wa vyuo vya msingi wamelisema siku zote, kwamba kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma ni utaalamu wake wenyewe. Mwenye shahada ya historia alijua mengi kuliko mwenzake wa Daraja A, lakini hakuwahi kufundishwa namna ya kumtoa mtoto kwenye sauti /m/ na /a/ hadi neno mama.

Kujiunga

Anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi huomba kupitia mfumo wa wizara yenye dhamana ya elimu au kwenye chuo binafsi kilichosajiliwa. Kwa miaka mingi cheti kilipokea hata waliopata daraja la nne katika mtihani wa kidato cha nne, na hapo ndipo ilipotoka dharau kwamba ualimu ni kimbilio la waliofeli. Masharti yalikazwa baadaye hadi daraja la tatu au zaidi, na kwa stashahada ufaulu wa masomo atakayoyafundisha mwombaji huangaliwa pia. Usemi wa "ualimu ni wito" husikika kila mahafali. Wanachuo wenyewe huutumia kwa moyo na kwa kejeli, kutegemea siku.

Vyuo vya serikali viko zaidi ya 30. Miongoni mwa vinavyojulikana ni Mpwapwa, Marangu, Korogwe, Butimba, Tabora, Songea, Tukuyu, Katoke, Vikindu na Kitangali. Butimba, Mwanza, kina jina kwa sanaa na michezo. Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu: watoto wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili.

Masomo

Masomo ya chuoni yamegawanyika katika sehemu mbili zinazoshindania muda. Sehemu ya kwanza ni taaluma ya ualimu: misingi na falsafa ya elimu, saikolojia na malezi, upimaji, ushauri nasaha, uongozi wa shule na matumizi ya TEHAMA. Sehemu ya pili ni masomo ya kufundishia yenyewe, kama Kiswahili, Hisabati, Kiingereza, sayansi na maarifa ya jamii, pamoja na mbinu za kulifundisha kila moja. Mtaala hutayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Ugomvi wa zamani ni kama chuo kifundishe Hisabati au kifundishe namna ya kufundisha Hisabati. Mwenye mitaala hudhani mwanachuo alishaijua sehemu ya kwanza akiwa sekondari. Mkufunzi anayesahihisha madaftari hugundua kwamba wengi hawajaelewa sehemu, yaani 1/2 na 1/3, zaidi ya kanuni za kukariri. Atafundishaje mtoto kile ambacho yeye mwenyewe hukifanya kwa kubahatisha? Ndiyo maana wakufunzi wengi huanza na somo lenyewe hata pale muhtasari unapotaka mbinu tu.

Lugha ina utata wake. Sera ya 1995 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika kozi za cheti na Kiingereza kuwa lugha ya stashahada. Kwa hiyo mwalimu wa Daraja A alijifunza kazi yake kwa lugha ileile atakayoitumia darasani, isipokuwa katika somo la Kiingereza, ambalo lilimkuta akiwa hajaizungumza lugha hiyo kwa uhuru. Shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilijaza pengo hilo kwa kuajiri walimu kutoka Kenya na Uganda.

Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa 2015 uliozingatia KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, vyuo vimelipa uzito zaidi somo la namna ya kufundisha kusoma. Zamani mwalimu aliimbisha ba, be, bi, bo, bu hadi darasa likakariri ubao mzima bila mtoto hata mmoja kuangalia herufi. Njia inayosisitizwa sasa huanza na sauti: irabu kwanza, kisha konsonanti chache, kisha kuunganisha. Kiswahili ni lugha rahisi kwa njia hii kwa sababu kila herufi ina sauti inayotabirika, ila ng', ny na mw humsumbua mwanachuo karibu sawa na mtoto.

Mazoezi ya kufundisha

Mazoezi ya kufundisha, ambayo wanachuo wengi huyaita kwa kifupi BTP, ndiyo sehemu inayokumbukwa kuliko zote. Kwanza hufundishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja akisimama ubaoni na wenzake wakijifanya watoto, mara nyingi watoto watundu kuliko watakaowakuta. Halafu huangalia mwalimu wa shule ya mazoezi akifundisha. Mwishowe hupelekwa shuleni kwa wiki kadhaa.

Kabla ya kuingia darasani lazima mwanachuo awe na azimio la kazi, linaloonyesha mada za muhula, na andalio la somo la kila kipindi. Andalio huanza na idadi ya wanafunzi, wavulana na wasichana, waliosajiliwa na waliohudhuria. Hufuata umahiri unaokusudiwa, zana na rejea, kisha hatua za somo. Mwisho kuna nafasi ya maoni, ambapo mwalimu huandika kama somo limeeleweka na atafanya nini kwa wasioelewa. Nafasi hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote na ndiyo inayojazwa kwa haraka kuliko zote. "Somo limeeleweka kwa asilimia kubwa" ni sentensi inayopatikana karibu katika kila daftari la maandalio.

Zana hutengenezwa kwa vilivyopo. Visoda na vijiti hutumika kama vihesabio, maboksi hukatwa kuwa kadi za herufi, na karatasi za manila huchorwa kwa kalamu rashasha. Mwanachuo aliyezoea chuoni kugawa watu 30 katika makundi ya watano hukuta darasa la watoto zaidi ya 100, wanne kwenye dawati moja. Kiwango rasmi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Hapo mbinu shirikishi alizofundishwa hupimwa kweli. Wengine huziacha siku ya pili na kurudia kuandika ubaoni na kunakili. Wengine hupata njia zao, kama kuwapanga watoto wafundishane safu kwa safu, au kutoka nje na kuandikia ardhini. Tofauti hii mara nyingi hutegemea mwalimu mwenyeji wa darasa. Akiwa mtu wa kukaa naye jioni na kumwonyesha, mwanachuo huondoka na kazi mikononi. Akimwona kama nafasi ya kupumzika, mwanachuo hujifunza kuishi na darasa kubwa, basi.

Mkufunzi hufika kukagua, aghalabu bila taarifa. Hukaa nyuma na fomu yake, huangalia maandalizi, sauti, mwandiko wa ubaoni, matumizi ya zana, maswali na usimamizi wa darasa. Baada ya kipindi huzungumza na mwanachuo kando. Alama hizo huingia katika matokeo ya mwisho, na asiyefaulu mazoezi hahesabiwi kuwa amehitimu hata akifaulu karatasi zote.

Usimamizi wa darasa una upande wa kisheria ambao vyuo hulazimika kuufundisha. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanachuo hana ruhusa hiyo kwa nafasi yake. Hata hivyo katika shule nyingi fimbo huwa mezani, na mgeni wa wiki sita hawezi kuwa yeye wa kuiondoa.

Mtihani, ajira na mafunzo kazini

Mitihani ya mwisho ya vyeti na stashahada hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1973. Mhitimu wa zamani wa miaka ya 1980 au 1990 alimaliza chuo akijua kwamba barua ya kupangiwa kituo itakuja. Leo hupeleka maombi katika mfumo wa ajira wa serikali na kuitwa kwenye usaili, na wapo wanaosubiri miaka. Katika kusubiri huko baadhi hufundisha kwa kujitolea katika shule za jirani na kupewa posho ndogo inayochangwa na wazazi, wengine huenda shule binafsi, na wengine huacha kabisa. Aliyeajiriwa husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015.

Mafunzo hayaishii kwenye cheti. Vituo vya walimu vilijengwa katika kata na wilaya nyingi ili walimu wakutane, na utaratibu wa sasa wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, huwataka kujadiliana ndani ya shule zao kwa ratiba. Walimu wakuu hupata kozi za uongozi kwa wakala wa ADEM wenye makao Bagamoyo. Wengi hujiendeleza kwa fedha zao hadi stashahada na shahada, mara nyingi kupitia Chuo Kikuu Huria, na wakishapata shahada baadhi huomba kuhamia sekondari. Hivyo shule ya msingi hupoteza watu wake waliokwisha iva.

Zanzibar

Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina mfumo wake. Kabla ya mapinduzi walimu walifunzwa Dole na baadaye Beit-el-Ras. Rais wa pili wa Tanzania, Ali Hassan Mwinyi, alisomea ualimu na kuanza kazi katika shule ya Mangapwani. Chuo cha Nkrumah cha Beit-el-Ras baadaye kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa kuwa watoto wengi huenda skuli asubuhi na madrasa mchana au kinyume chake, walimu wa Zanzibar hufundishwa kuzingatia kwamba mtoto yuko mikononi mwa walimu wawili kwa siku moja.

Katika nchi jirani

Kenya ilitoa kwa miongo mingi cheti cha P1 cha miaka miwili. Pamoja na mtaala wa umilisi, kuanzia 2021 cheti hicho kilibadilishwa na stashahada ya miaka mitatu inayotaka wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na walimu wenye P1 wakafunguliwa kozi fupi ya kujiendeleza, wengi wao wakilalamikia kujilipia. Uganda ilikuwa na cheti cha Daraja la III chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo; sera yake ya walimu ya 2019 inataka shahada kwa mwalimu wa ngazi yoyote. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwalimu wa shule ya msingi huandaliwa katika sekondari yenyewe, kwenye mchepuo wa pedagojia, hivyo huingia darasani na diploma ya taifa akiwa bado kijana, bila kupita chuo cha ualimu cha aina ya Mpwapwa au Shanzu.